Ingia Madrid Ukiwa Umetumwa: Mwongozo Kamili wa Kujizoeza Kuongea Kihispania Ndani ya Dunia Pepe

Wanaojifunza Kihispania huku kwetu wengi hukwama mahali pamoja. Masomo ya programu ya simu wameyamaliza, namba na siku za wiki wanazijua, na menyu wanaisoma bila kubabaika. Mtalii kutoka Sevilla akiwauliza swali moja ambalo halikuwamo kwenye somo, ulimi unakuwa mzito. Msamiati wanao. Wanachokosa ni mazoea ya kuongea na mtu ambaye hujui atakujibu nini.

Anayesomea Hispania huyapata mazoea hayo kwa kushuka dukani kununua mkate. Sisi duka hilo hatuna, na nauli ya Madrid si ya kuomba kwa mjomba. Dunia pepe, yaani mahali pa kubuni unapoingia kwa simu, kompyuta au miwani maalumu, zinaziba pengo hilo kwa sharti moja: usiingie humo “kuongea Kihispania”. Ingia ukiwa umetumwa. Mtoto akitumwa chumvi na kiberiti, harudi kueleza alivyojitahidi; anarudi na chumvi, au na habari kwamba chumvi imekwisha. Mazoezi yote hapa chini yamejengwa hivyo, na kila moja lina kitu cha kurudi nacho. Andika ulichotumwa kwenye karatasi, tena kwa Kiswahili, ili usiwe na sentensi ya Kihispania ya kusoma ukiwa ndani.

Vifaa

Miwani ya VR, inayokufanya ujione uko ndani ya dunia pepe, si lazima. Mojawapo, Meta Quest 3S, ilipotoka 2024 ilianzia dola 300 huko Marekani, na hapo hujaweka usafiri wala ushuru. Kama unayo, vizuri. Kama huna, usiiweke iwe kisingizio. Simu janja ya Android inatosha kwa sehemu kubwa ya mwongozo huu, na kompyuta ya kawaida inayocheza gemu inatosha kwa karibu yote.

Usichoweza kukosa ni earphone zenye maikrofoni. Ukitumia spika, sauti ya mwenzako inarudi kwenye maikrofoni yako na anajisikia mwenyewe. Atakuvumilia kidogo kisha ataondoka. La pili ni mahali pa kuongea kwa sauti. Nyumba ya kupanga yenye majirani ukuta kwa ukuta inataka mpango: ama waambie mapema kwamba unajifunza, ama ukae ndani ya gari, ama ungoje watoke. Kunong’ona hakufai. Anayejizoeza kwa kunong’ona huja kunong’ona mbele ya mgeni. Na picha za mitaa pamoja na dunia za watu hula bando haraka, kwa hiyo zitafutie Wi-Fi.

Hatua ya kwanza: chagua Kihispania cha wapi

Kihispania ni lugha rasmi ya nchi 20, mojawapo ikiwa Guinea ya Ikweta hapa Afrika, na hakisemwi sawa kila mahali. Usianze na vyote. Kama wageni unaowapokea Arusha au Zanzibar wanatoka Hispania, shika cha Hispania. Kama marafiki unaowatafuta mtandaoni ni wa Meksiko au Kolombia, shika cha huko. Madrid watakwambia “coger el autobús” kwa maana ya kupanda basi. Ukilisema neno hilo Meksiko au Argentina umetukana, kwa sababu wao husema “tomar”. Mifano yangu ni ya Madrid.

Kwa matamshi, Mswahili ana bahati ambayo wengi hawaijui. Irabu tano za Kihispania ni hizi hizi zetu. Th ya thelathini ndiyo iliyo katika “cena” na “gracias” za Madrid. Dh ya dhahabu imo katika “nada”, gh ya ghali imo katika “agua”, na j ya “jamón” ni kh ya kheri kama wanavyoitamka wazee wa Pwani. Kama umezoea kusema “zahabu” na “gali”, hapa itabidi urudishe ulimi Lamu.

Mitego iko miwili. Wa kwanza ni l na r: “pelo” ni nywele, “pero” ni lakini, na “perro”, yenye r ya kuvingirisha, ni mbwa. Wa pili ni mkazo. Sisi tunakaza silabi ya pili kutoka mwisho karibu siku zote, na Kihispania hufanya hivyo mara nyingi, kiasi cha kutusahaulisha kwamba si mara zote. “Hablo” ni naongea. “Habló” ni aliongea. Ukikaza Kiswahili-Kiswahili, ya jana yote yanageuka kuwa ya leo.

Hatua ya pili: masikio kwanza

Vijana wanaoendesha mabasi ya Dar na Nairobi ndani ya gemu la BUSSID tayari wanajua raha ya safari ya kubuni. Kwa Kihispania, gemu la kuendea ni Euro Truck Simulator 2, lenye nyongeza ya Iberia iliyotoka 2021 na barabara za Hispania na Ureno. Badilisha lugha ya gemu iwe Kihispania, washa sauti ya kuelekeza njia kwa Kihispania, kisha fungua redio: gemu linaweza kurusha vituo halisi vya intaneti, vya Hispania vikiwemo. Kazi uliyotumwa: peleka mzigo kutoka Barcelona hadi Zaragoza, urudi na mambo matatu uliyoyasikia redioni. Yanaweza kuwa hali ya hewa, matokeo ya mpira, au tangazo la duka. Sauti ya kuelekeza njia itakurudia “gire a la derecha” na “tome la segunda salida” mpaka yakae kichwani bila kuyakariri.

Asiyependa malori anayo The Sims 4, ambayo gemu lake la msingi ni bure tangu Oktoba 2022. Humo utajifunza vitenzi vya nyumbani, kuoga, kupika na kulala, lakini kwa kusoma tu. Wahusika wake wanaongea lugha ya kubuni, na wapo wanaosikiliza kwa bidii wakidhani ni Kihispania cha haraka.

Usikae hapa zaidi ya wiki mbili. Gemu ni tamu na ulimi unabaki umelala.

Hatua ya tatu: tembea Madrid kwa miguu

Fungua picha za mitaa za Google Maps, ujiweke Puerta del Sol. Umetumwa kufika Cava Baja, mtaa wa migahawa, ukiongea kwa sauti njia nzima.

Anza kwa kuuliza. Madrid hawaulizi kwa sentensi ndefu ya kitabu, husema “Perdone, ¿para ir a la Cava Baja?”, basi. Sasa jijibu kama mpita njia huku unasogeza picha: “Siga recto por la calle Mayor.” Plaza Mayor inakuwa kushoto kwako: “a la izquierda”. Ukiingia uwanjani, tokea pembe ya Arco de Cuchilleros ambako kuna ngazi: “baje las escaleras”. Utaangukia mtaa wa Cuchilleros, penye mgahawa wa Botín uliofunguliwa 1725, ambao Guinness wanautambua kuwa mkongwe kuliko yote duniani. Endelea mpaka Puerta Cerrada, na Cava Baja inaanzia hapo.

Jirekodi kwa simu. Kisha fanya safari hiyo hiyo mara ya pili kana kwamba unamsimulia mtu jioni: “Salí de Sol, crucé la Plaza Mayor, bajé las escaleras.” Sikiliza rekodi na usikilize jambo moja tu, kama “salí”, “crucé” na “bajé” umezikaza mwishoni. Mkazo ukirudi nyuma, rudia mtaa huo.

Hatua ya nne: mhudumu ambaye hajakuzoea

Hapa ndipo penye kazi, na wengi huparuka. Fungua programu yoyote ya akili mnemba (AI) inayoongea kwa sauti. Ukiiambia tu “tuongee Kihispania”, itakuwa mwalimu mpole: itakuuliza unapenda nini, itasifu kila utakachosema, na itaelewa hata Kihispania kilichovunjika ambacho binadamu asingekielewa. Mhudumu wa mgahawa hana muda huo. Kwa hiyo ipe maagizo makali, kwa Kihispania:

“Eres camarero en un bar de Madrid y yo soy un cliente. Habla solo español, con frases cortas. Si no me entiendes, di «¿Cómo?» y no adivines. Ponme un problema: no queda lo que pido. No me corrijas hasta que yo diga «fin».”

Umeiambia iwe mhudumu, iongee kwa ufupi, isibahatishe ulichomaanisha, ikuletee tatizo, na isikusahihishe mpaka useme “fin”. Hilo la mwisho lina uzito wake. Anayesahihishwa kila sentensi huacha kufikiria chakula na kuanza kufikiria sarufi.

Sasa ulichotumwa: agiza chakula cha mchana cha bei ya siku, wanachokiita “menú del día”, kisicho na nguruwe. Kwa wasomaji wengi wa Pwani hili si zoezi la kubuni. Jikoni la Kihispania huweka nguruwe mahali usipomtegemea, hata kwenye dengu na supu. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

—Buenas, ¿qué va a ser?
—Quería el menú del día. Las lentejas, ¿llevan cerdo?
—Sí, llevan chorizo.
—Es que no como cerdo. ¿Qué me recomienda?
—El salmorejo. Lleva un poco de jamón por encima, pero se lo quito.
—Pues sin jamón, por favor. Y de segundo, la merluza.
—Merluza ya no me queda.

Tazama sentensi zinazobeba mzigo. “Quería” ni kama “nilikuwa naomba”: kitenzi kimerudishwa nyuma kwa adabu, si kwa sababu ya jana. “¿Llevan cerdo?” ndiyo njia ya kuuliza kama chakula kina nguruwe. “Es que” hufungua sababu bila kuonekana mkali. “Se lo quito”, nitakuondolea, hutoka kwa kasi kiasi kwamba anayeisikia mara ya kwanza haambulii kitu. Na “no me queda” ni imeniishia. Samaki uliyemtaka hayupo, na mhudumu anangoja jibu. Hapo ulipokwama ndipo zoezi linapoanza.

Tahadhari moja kwa waliopitia Kiingereza kwanza. Watasema “¿Puedo tener un café?”, ambacho ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Rudi kwenye Kiswahili chako: “póngame un café” ni “niwekee kahawa”, neno kwa neno, na ndivyo wanavyosema.

Rudia agizo hilo mara tatu. Walimu wa lugha wanalo zoezi la siku nyingi la kusema jambo lile lile kwa dakika 4, kisha 3, kisha 2, na linafanya kazi vizuri sana hapa. Mara ya kwanza nenda taratibu. Mara ya pili tatizo libadilike: wameleta bili yenye kitu ambacho hukula. Mara ya tatu fanya haraka, mhudumu akiwa na hasira. Kisha sema “fin” na uombe masahihisho matatu tu, si zaidi: “Dime solo mis tres errores más graves.” Ukipewa kumi hutakumbuka hata moja.

Kosa litakalojirudia zaidi ni “ser” na “estar”, vitenzi viwili vya “kuwa”, nasi tunao mlango wa kuingilia: “niko sokoni” ni “estoy”, “mimi ni mwalimu” ni “soy”. Mlango huo hufunga kwa hali za kupita. Sisi husema “yeye ni mgonjwa”, wao husema “está enfermo”. Kupatanisha jina na sifa kusikutishe. Aliyekulia kwenye kiti kizuri na viti vizuri hashindwi na “la silla bonita” na “las sillas bonitas”.

Waongoza watalii wageuze mchezo: akili mnemba iwe familia kutoka Sevilla, wewe uwe kazini Ngorongoro. Wao wakuulize kama wanaweza kushuka garini, nawe uwakataze kwa kauli ya watu wengi inayotumika Hispania: “No bajéis del coche.” Waambie lazima gari litoke kreta kabla ya saa kumi na mbili jioni: “Tenemos que salir del cráter antes de las seis.” Kreta haina subira na mgeni aliyeambiwa “las doce”. Saa zetu na zao zinapishana sita, na kosa hili halisikiki kama kosa; sentensi ni safi kabisa, na gari limechelewa.

Programu za miwani kama Mondly VR, iliyotoka 2017, hukuweka ndani ya teksi, treni au mapokezi ya hoteli penye mhusika wa kuongea naye. Zinapendeza na zinafaa kwa anayeanza. Udhaifu wake ni kwamba hukuonyesha majibu ya kuchagua, nawe unayasoma kwa sauti. Zitumie siku chache kuondoa woga, kisha rudi kwa mhudumu asiyekuonyesha kitu.

Hatua ya tano: watu halisi

Ukiweza kumaliza chakula chenye matatizo mawili bila kusimama, ingia VRChat, dunia pepe ambamo watu huongea kwa sauti, kila mmoja akiwa na avata, yaani umbo la kubuni linalomwakilisha. Ni ya bure, na inafunguka kwenye kompyuta bila miwani au kwenye simu ya Android. Weka Kihispania kati ya lugha za wasifu wako. Tafuta dunia kwa maneno kama “español” au “latino”, na ukitaka Wahispania chagua seva za Ulaya.

Siku ya kwanza umetumwa kusikiliza. Ukifika penye watu (mara nyingi utawakuta wamejipanga mbele ya kioo, na hata wazoefu hawawezi kueleza kwa nini), sema: “Hola, estoy aprendiendo español. ¿Puedo quedarme a escuchar?” Wengi watakukaribisha. Penye watoto wanaopiga kelele toka bila kuaga. Dunia nyingine ziko tele.

Siku zinazofuata rudi na vitu vitatu: mtu mmoja anatoka mji gani, amekula nini leo, na neno moja la mtaani kwao. Halafu ombeni kutembea pamoja. Simu ya kawaida haiwezi kukupa hili: mko mahali pamoja, kuna mlango, kuna kiti, kuna kofia ya ajabu juu ya avata ya mwenzako. Kihispania kina ngazi tatu za kuonyesha, na Mswahili anazo: “este” ni hiki kilicho kwangu, “ese” ni hicho kilicho kwako, “aquel” ni kile cha kule. Uliza “¿Qué es eso?” kuhusu alichoshika yeye, na “¿Qué hay detrás de aquella puerta?” kuhusu mlango wa mbali. Baada ya kuzunguka dunia mbili tatu hutavichanganya tena.

Ukipotea katikati ya maneno, usiseme “sí, sí”. Sema “¿Cómo?” au “Más despacio, por favor”, au rudia ulichokisikia kwa kuuliza: “O sea, ¿vives en Valencia?” Mtu akirudia kwa ajili yako mara mbili, huyo ni rafiki wa kuongeza.

Mwenye haya sana aanze na Second Life, dunia pepe nyingine, iliyofunguliwa 2003 na Linden Lab ya San Francisco. Humo watu wengi huandika badala ya kuongea, nawe unapata muda wa kusoma.

Usalama kwa ufupi. VRChat ni ya miaka 13 na kuendelea, na lugha ya humo mara nyingi si ya watoto. Namba ya simu, mahali unapoishi na habari za pesa vibaki nje. Anayekuharakisha mhamie WhatsApp siku ya kwanza, mzuie. Na kumrekodi mtu bila kumwambia si ungwana.

Saa za kuwakuta

Wahispania hula chakula cha usiku saa tatu au nne, na hukaa mtandaoni baada ya hapo. Saa nne usiku ya Madrid ni saa sita usiku ya Dar na Nairobi wakati wa baridi yao, na saa tano usiku wakati wa kiangazi chao. Walio Lubumbashi na Bujumbura watoe saa moja. Walio Muscat waongeze moja. Mji wa Meksiko uko nyuma yetu kwa saa tisa mwaka mzima, kwa hiyo saa mbili usiku ya huko ni saa kumi na moja alfajiri kwetu. Anayeamka kuswali anaweza kuongea na Wameksiko nusu saa kabla ya chai.

Ukishampata mtu mnayeelewana, wekeana naye siku: “¿Quedamos el viernes a las diez, hora de España?” Taja “hora de España” kila mara. Hispania hubadilisha saa Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba, na wiki hiyo miadi ya saa tano usiku inahamia saa sita, au inarudi saa tano, bila mwenzako kukumbuka kukuambia.